The Wire: hivi ndivyo uhalifu unavyoandikwa (msimu wa 5 nao tutauongelea)

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nina mzuka, kaeni hapo hapo. The Wire! Tamthilia ya televisheni, Baltimore, Marekani, 2002 hadi 2008, polisi na wauza unga, Idris Elba ndiye Stringer Bell, mmoja wa wakubwa wa genge. Hayo mnayajua, tusonge.

Mimi nataka tuongelee akili ya hadithi. Tamthilia nyingi za polisi, mpelelezi anakwama, mara kompyuta inalia mliii, jina la muuaji hilo hapo. Inanikera! Mtu anatatua kesi kwa sababu muda umeisha.

Sasa cheki hawa. Msimu wa 1, genge la Avon Barksdale halijadili biashara kwenye simu za mkononi. Kijana wa kijiweni anaitwa kwa peja, kile kifaa kidogo kinachoonyesha namba ya kupiga, halafu anapiga kwa simu ya umma iliyo pale uani. Polisi wanazinasa namba zinazoingia kwenye peja, lakini wakizifuatilia haziendi kokote. Zimefichwa.

Shika simu yako, fungua sehemu ya kupigia. Umeona 5 imekaa katikati? Irukie. Ukitaka 1, andika 9. Ukitaka 2, andika 8. 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, na kinyume chake. Zinabaki 5 na 0, hizo zinabadilishana nafasi. Jaribu 0754. Sifuri inakuwa 5, saba inakuwa 3, tano inakuwa 0, nne inakuwa 6. Umepata 5306. Umeona? Hakuna hesabu hata moja! Kijana anayeuza kete usiku, roho juu juu, anaweza kufanya hivyo bila karatasi. Fumbo limeandikwa kulingana na anayelitumia, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Na anayelifumbua ni nani? Prez, askari wa kikosi cha upelelezi. Huyu kampiga mtoto wa miaka 14 kwa bastola mpaka jicho likapofuka. Kazi hajafukuzwa kwa sababu ni mkwe wa mkubwa wa polisi, Valchek. Mtaani haruhusiwi tena, kawekwa ofisini na makaratasi. Basi anakaa na zile namba, anazitazama, anazitazama, mpaka zinafunguka. Kila kitu kina sababu: undugu kazini, adhabu, muda mwingi mezani. Hakuna malaika aliyeshuka.

Halafu hata wakishafumbua, hawasikilizi kila simu wanavyotaka. Lazima askari awe juu ya paa, amuone mhusika akishika ile simu kwa macho yake. Asipomuona, mazungumzo hayo si yao. Kibali cha mahakama kinawabana, na hadithi inapata joto humo humo.

Ed Burns, aliyeiandaa pamoja na mwandishi wa habari David Simon, alikuwa mpelelezi Baltimore. Mwaka 1984 alishiriki kumkamata Melvin Williams, mfanyabiashara mkubwa wa heroini. Miaka baadaye Williams huyo huyo akaigiza humu, anaitwa Deacon. Nani mwingine ana kitu kama hicho? Tamthilia ya Breaking Bad naipenda sana, wiki ijayo naifanyia video yake, washa kengele, lakini kwa taratibu za polisi haifiki hapa.

Sasa msimu wa 5. Wapendwa, ulinikata! Pesa za upelelezi zimeondolewa, mpelelezi McNulty anatengeneza muuaji wa uongo anayenyonga watu wasio na makazi, ili bajeti irudi. McNulty sawa, mlevi, mkaidi, anaweza. Lakini mpelelezi mwenzake, Lester Freamon? Mzee mtulivu, anayechonga samani ndogo ndogo mezani, anakubali haraka vile? Ingawa... huyu alifanya kazi vizuri akaadhibiwa, akazikwa zaidi ya miaka 13 kitengo cha maduka ya rehani. Mtu wa namna hiyo ana kinyongo. Hapo nalegeza kidogo. Bado nasema walihitaji sehemu mbili zaidi za kumsogeza polepole, msimu wenyewe una sehemu 10 tu.

Kuhusu gharama, zipo sehemu 60, karibu saa moja kila moja. Kwa bando la simu zitakumaliza, tafuta intaneti ya nyumbani, na msimu wa 1 usiuruke hata kama unaanza taratibu.

Naipa 9 kwa 10. Sasa nyinyi mliomaliza, shukeni kwenye maoni mniambie: Lester angekubali, au waandishi walimsukuma?