Alama za vyuo vya Hispania: ziachwe kwa Kihispania au zigeuzwe A, B, C?

Anayetafsiri matokeo ya chuo kikuu cha Hispania kwa Kiingereza ana njia mbili: kuacha Aprobado (amefaulu), Notable (vizuri sana) na Sobresaliente (bora kabisa) kama zilivyo na kuongeza jedwali la maelezo, au kuweka herufi A, B, C mahali pake.

Kwa usahihi, njia ya kwanza inashinda waziwazi. Kwa Amri ya Kifalme 1125/2003, kipimo ni 0 hadi 10: chini ya 5 ni Suspenso (amefeli), 5 hadi 6.9 Aprobado, 7 hadi 8.9 Notable, 9 kwenda juu Sobresaliente. Ukiandika C badala ya Aprobado, umeshatoa hukumu ambayo si kazi ya mtafsiri. Na Matrícula de Honor, ile heshima ya juu kabisa, utaipa herufi gani? Inataka alama 9 au zaidi, na haizidi asilimia 5 ya waliojiandikisha katika somo. A+ haisemi hayo. Vifupisho ndivyo mtego hasa: NP ni No Presentado, yaani hakutokea kwenye mtihani. Ukiweka F, umemfelisha mtu kwa kalamu yako.

Kwa wepesi, herufi zinaongoza. Mwajiri wa Marekani anayepitia wasifu mia hana subira ya kusoma jedwali. Ila jedwali ukishaliandika unalitumia tena na tena, wakati herufi hutegemea chuo kinachopokea.

Maombi ya uzamili? Acha Kihispania, chuo kigeuze chenyewe. Wasifu wa kazi? Herufi zinatosha, mradi namba yenyewe, tuseme 8.2/10, ibaki kando.