Madini ya unga ya kondoo: nimeyatumia kwa kondoo wa kunenepesha, Uyole

Wadau, mi nanenepesha madume ya kondoo hapa Uyole, Mbeya, chakula chao kikubwa mahindi na mashudu ya alizeti kidogo, haya madini nimeyatumia msimu wote wa baridi na nitanunua tena.

Sababu ni hii. Mahindi yana fosforasi karibu mara 10 ya kalsiamu, wakati kondoo anataka kalsiamu iwe kama mara 2 ya fosforasi, sasa dume ukimjaza mahindi bila kusawazisha hapo, mawe yanajitengeneza kwenye njia ya mkojo. Utamkuta kakunja mgongo, anajikamua, mkojo unatoka tone tone, ukichelewa kibofu kinapasuka na huna kondoo tena. Pumba nazo fosforasi imejaa, ndo maana DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) siwawekei kabisa. Haya madini chokaa, yaani kalsiamu, ipo ya kutosha na chumvi pia, na chumvi ndo imenifurahisha zaidi, maana mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku kondoo anagusa maji na midomo tu anaondoka, ila akishalamba hii anarudi kwenye ndoo mwenyewe, ukimwekea ya uvuguvugu asubuhi anamaliza kabisa.

Ila jamani soma kiasi cha shaba kwenye mfuko!! Duka moja la pembejeo walinipa ya ng'ombe eti ni yaleyale, nikayarudisha palepale. Ng'ombe anavumilia shaba hadi kama miligramu 40 kwa kilo ya chakula, kondoo kama 15 tu, ini lake linalimbikiza kimyakimya halafu siku moja unaona macho ya njano, mkojo mweusi mweusi, anakufa.

Na kama mtu anakwambia madini yanazuia kuhara kwa nafaka, hapana. Pale wanga unachacha haraka tumboni, asidi inapanda. Dawa yake ni kupandisha mahindi kidogo kidogo wiki 2 hadi 3, majani makavu yasikose, na mi siwasagii, kondoo anatafuna punje nzima vizuri tu, anacheua, mate yanapunguza asidi. Wangu kinyesi ni vidonge vikavu vinavyong'aa.

Kasoro niliyoiona, mfuko ukishafunguliwa unga unavuta unyevu unaganda mabonge, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko siku hiyohiyo.