Jahazi au mtumbwi wa Sese: mchoro upi ukutani?

Ukuta wa sebule yangu hapa Entebbe una nafasi ya mchoro mmoja tu. Jahazi la Lamu linapendeza hata kwa mbali: tanga la pembetatu, foromali (mti unaobeba tanga) iliyoinama, mbao za misumari zilizotiwa kalafati ya pamba kuziba nyufa.

Lakini mtumbwi wa Sese, visiwa vya Ziwa Victoria, ndio unaoniteka. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mti wa mwale, mkuku (gogo la chini ya chombo) ukachomoza mbele kama mdomo, na juu yake likasimama gubeti, ncha ya mbele yenye pembe za swala na manyoya. Mchoraji makini huonyesha mpaka matundu ya uzi. Mtumbwi huo ulikwenda kwa makafi, si kwa tanga; basi mpenda upepo achukue jahazi. Mimi msumari nimeshaugonga, wa Sese.