Kumhamisha mama kutoka Katuba hadi Kasapa: uzoefu wangu na wahamishaji wa Lubumbashi

Mwezi wa Septemba uliopita nilimhamisha mama yangu kutoka Katuba, alikoishi tangu alipoolewa mwaka 1969, hadi nyumba ndogo tuliyomjengea upande wa Kasapa, mbele ya Chuo Kikuu, katika komini ya Annexe. Nilikodi kikundi cha wahamishaji chenye kamioni moja aina ya Fuso, shofere, vijana wanne wa kubeba na mzee mmoja anayewaongoza, ambaye sisi sote tulimwita Papa. Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, bado tunahama kwa kusimamisha gari lolote linalopita barabarani, kisha tunalia juu ya vyombo vilivyovunjika.

Mimi mwenyewe nimelia hivyo. Miaka sita iliyopita nilihama na gari la kampuni ambayo sitaitaja, katikati ya mwezi wa Desemba, na shofere alipoona matope ya njia yangu alishusha kila kitu kando ya barabara kuu na kuondoka. Mvua ilinyesha juu ya magodoro na vitabu vya watoto, na hakuna aliyenirudishia hata franka moja. Ndiyo maana safari hii nilichagua majira ya kiangazi, na kabla ya kuuliza bei niliuliza kama mtu atakuja kwanza kuangalia nyumba.

Papa alikuja siku mbili kabla ya safari, akiwa na futi ya kupimia na daftari. Hakuanza na vitu, bali alianza na lupango lenyewe, yaani kiwanja chote chenye ukuta: alipima mlango wa ukuta, akahesabu hatua kutoka barabarani hadi kizingitini, akauliza ni wapangaji wangapi wanaoishi nyuma na nguo zao huanikwa wapi. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya bufee ya mama (kabati la vyombo), ambayo ni ya mbao nzito za mulombwa, akapima mlango wa sebule, akapima tena, na akasema: «Mama, bufee hii iliingia humu kabla ya chumba cha mbele kujengwa.»

Alikuwa amesema kweli. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Katuba, ilianza ikiwa ndogo sana. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walikaa katika kambi za kampuni, na aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Lakini babu yangu alikuwa fundi wa kujenga asiye wa kampuni, kwa hiyo alihitaji paa lake mwenyewe. Katika miaka ya 1950 utawala wa Wabelgiji ulikuwa ukiwakopesha watu kama yeye vifaa vya ujenzi, nao wakajijengea kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, na familia zikalipa deni kidogo kidogo. Baada ya hapo kila kizazi kiliongeza chake. Baba aliongeza chumba cha mbele mwaka 1978, wajomba wakajenga vyumba viwili vya nyuma, na baadaye vyumba vile vikapangishwa. Barabara za Katuba bado zimenyooka kama zilivyochorwa, lakini ndani ya lupango hakuna tena nafasi ya kugeuza kitanda, na mhamishaji asiyejua jinsi nyumba hizi zilivyokua atafika na kamioni kubwa na nguvu nyingi, kisha atashindwa na mlango mmoja.

Suluhisho la Papa lilikuwa kuifungua bufee. Nilipinga, kwa sababu mama anaipenda kuliko kitu chochote alichoachiwa na baba, lakini alinionyesha kwamba fundi aliyeitengeneza hakutumia misumari mahali pa maungio, bali vigingi vya mti, na kwamba vigingi hivyo vinaweza kutolewa kwa nyundo ya mpira bila kuumiza mbao. Kazi hiyo ilichukua saa nzima asubuhi ya safari. Kila ubao uliandikwa namba kwa chaki na kufungwa ndani ya blanketi. Wahamishaji wengine niliowaona wangekata miguu ya bufee kwa msumeno na kusema hakuna njia nyingine.

Jambo lingine aliloniuliza siku ile lilinishangaza: alitaka kujua kama TP Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza nyumbani. Njia ya kutoka Katuba kwenda mjini inapitia Kenya na Kamalondo, na uwanja wa Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko Kamalondo. Siku ya mechi kamioni yenye mzigo inaweza kusimama katikati ya watu kwa muda mrefu, na mzigo uliosimama katikati ya watu hupungua. Tuliahirisha kwa siku moja, bila kuongezwa bei.

Niliketi mbele na mama, na safari ile ya mwendo wa polepole ikawa kama kuisoma Lubumbashi kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Albert, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati mji wenyewe, ambao siku hizo uliitwa Élisabethville, ulikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu tangu kuanzishwa mwaka 1910. Watu weusi waliondolewa karibu na nyumba za wazungu na kupelekwa kusini, na katikati pakaachwa eneo tupu la mamia ya mita, ambalo wakuu walilieleza kuwa kinga dhidi ya mbu na malaria. Kamalondo ilipojaa ikafuata Kenya, kisha Katuba na Ruashi, kila moja mbali zaidi na mji. Mama alinionyesha mahali ambapo baba mkwe wake alikuwa akigeuza baiskeli jioni, kwa sababu usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa upande wa wazungu bila karatasi. Nimepita hapo maelfu ya mara, na sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Upande wa magharibi ulionekana mumbunda, bomba refu la kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi cha masalio ya madini.

Kasapa tulikuta shida ya aina nyingine. Katuba ilichorwa kabla ya watu kufika. Kule kwetu kupya watu walifika kabla ya mchoro. Njia hazina majina, mifereji haipo, na nyumba hutambulishwa kwa mwembe au kwa kanisa lililo karibu. Fuso haikuweza kufika mlangoni, ikabaki kama mita 200 nyuma, lakini Papa alikuwa amemtuma kijana mmoja siku iliyotangulia kuikagua njia, na pusu-pusu mbili, yaani mikokoteni ya kusukuma, zilikuwa tayari zinatungoja, zikiwa zimehesabiwa ndani ya bei tuliyopatana. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipoistahili pesa yao. Mhamishaji anayetoza «ziada ya mwisho» mzigo ukiwa tayari njiani anakunyang'anya, kwa sababu hapo huna uwezo wa kukataa.

Nililipa dola 180 kwa jumla, nusu kabla na nusu baada ya kupakua. Si bei ndogo. Gari la kuokota barabarani lingenigharimu kama nusu yake. Kasoro zilikuwepo pia. Walichelewa kwa muda wa saa mbili. Hawakuwa na orodha ya maandishi ya vitu, na mimi ndiye niliyeandika kurasa tatu usiku na kumtaka Papa atie sahihi, jambo ambalo alilifanya bila kinyongo lakini ambalo lingepaswa kutoka kwao. Mbabula moja, jiko la makaa, ilipinda, na kioo cha mlango wa bufee kikapasuka wakati wa kushusha. Kuhusu kioo, Papa alipunguza dola 15 kwenye salio kabla sijasema neno, akamwomba mama radhi kwa kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

Bufee iliunganishwa tena jioni ile ile, ubao kwa ubao, kwa kufuata namba za chaki. Mama alitaka ikae ukutani mkabala na mlango, kisha akabadili nia akataka iwe karibu na dirisha, na vijana wale, waliokuwa wamebeba tangu asubuhi bila kula chochote isipokuwa bukari (ugali) na samaki tuliowapikia mchana, waliihamisha mara zote mbili. Majirani wawili wa Katuba wanaojiandaa kuhama kabla ya mvua wameshaomba namba ya Papa, nami nimewapa pamoja na nakala ya orodha yangu ya kurasa tatu.