Nimejaribu programu tatu za wateja na malipo, hii ndiyo niliyobaki nayo

Nashona nguo za kike Sinza, Dar es Salaam, vyerehani vitatu na wasaidizi wawili. Msimu wa harusi uliopita nilimdai mteja pesa aliyokwisha kulipa, kwa sababu advansi yake niliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo. Nilimwomba radhi. Hakurudi tena, na bado inaniuma.

Programu ya kwanza ilikuwa ya nje, inalipiwa kwa dola kila mwezi. Inapendeza machoni, ila yenyewe inajua ankara imelipwa au haijalipwa, basi. Wateja wangu hawalipi hivyo. Gauni la 85,000 linaanza na advansi ya 40,000, katikati ya mwezi inaingia 20,000, baki siku ya kuchukua nguo. Tena ile 20,000 mara nyingi anatuma mume au shoga yake, meseji inaingia na jina nisilolijua kabisa. Pasipo nafasi ya kuandika aliyelipa ni nani, mimi hainisaidii.

Ya pili ilikuwa ya bure, Kiswahili safi, lakini iliweka kila kitu ndani ya simu. Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, vipimo vyote vikaenda. Kabla hujapakua, uliza kwanza taarifa zinatunzwa wapi.

Sasa natumia WhatsApp Business pamoja na Google Sheets, yaani majedwali ya hesabu ya mtandaoni, zote bure. Kwenye WhatsApp nabandika lebo za rangi: anayedaiwa, aliyemaliza, nguo iko tayari. Kwenye Sheets nina jina, simu, nguo, bei, advansi, jina la mlipaji, namba ya muamala, na baki inajipiga yenyewe. Nimeruhusu faili lifunguke bila intaneti, kwa hiyo bando likikata naandika tu, likirudi taarifa zinapanda mtandaoni zenyewe.

Kasoro yake ni kwamba meseji za Lipa Namba, ile namba ya biashara wanayonilipia kwa simu, nazinakili kwa mkono, nusu saa kila jioni, na nikiruka siku moja hesabu inavurugika. Mwenye maduka mawili atafute mfumo unaolipiwa, si wa bure.

Juzi mweka hazina wa kamati ya harusi alinipigia: sare kumi na mbili, nani bado? Nikafungua faili palepale, nikamtajia wawili. Kabla ya magharibi wote walikuwa wameshatuma.