Pedali za kunasa kiatu katika barabara za Tanga: tathmini ya Shimano PD-M520

Mwenye baiskeli ya mashindano anapoamua kuachana na pedali za kawaida hukuta aina mbili kuu za pedali za kunasa kiatu, na wauzaji karibu wote humwelekeza kwenye ile ya kliti (kipande kinachofungwa chini ya soli ya kiatu na kunasa kwenye pedali) kubwa ya plastiki inayofungwa kwa skrubu tatu. Mimi pia nilianza na hiyo. Baada ya miezi mitano nilihamia Shimano PD-M520, ambayo kliti yake ni kipande kidogo cha chuma chenye skrubu mbili, na ingawa ilibuniwa kwa baiskeli za milimani, mwaka mzima wa kwenda Raskazoni, Pongwe na Muheza umenithibitishia kwamba ndiyo inayotufaa.

Kliti ya skrubu tatu ina heshima yake. Kampuni ya Look ya Ufaransa ndiyo iliyoipa umaarufu, Bernard Hinault aliposhinda mbio za baiskeli za Tour de France za mwaka 1985 akiwa na pedali za kampuni hiyo. Uso wake ni mpana, na mguu haulalamiki hata baada ya saa tatu. Tabu huanza unaposhuka. Nilisimama Muheza kununua machungwa, nikatembea hatua zisizozidi thelathini kwenye changarawe, na niliporudi kwenye baiskeli kiatu kilikataa kunasa. Nilipogeuza soli nilikuta kokoto moja, ndogo kama punje ya mtama, imekaa hasa pale mdomo wa kliti unapoingia kwenye pedali, na ncha ya plastiki imekwisha kulika. Safari zetu zina vituo vingi vya namna hiyo, na plastiki haivumilii.

Kliti ya PD-M520 hujificha ndani ya soli, hivyo mtu hutembea dukani au msikitini hadi mlangoni bila kuteleza wala kugonga sakafu. Pedali yenyewe hunasa pande zote mbili, kwa hiyo taa zinaporuhusu huhitaji kuinama kutafuta upande sahihi, na umbo lake lililo wazi huacha mchanga upite. Uzito wa jozi ni takriban gramu 380, zaidi kidogo kuliko jozi nyingi za skrubu tatu, lakini katika barabara tambarare kama zetu sijauhisi.

Jambo la kuzingatia sana ni ukali wa springi inayoshika kliti, ambayo huachia kisigino kinapozungushwa nje. Wiki ya kwanza nilianguka upande wa kushoto, taratibu kabisa, mbele ya bajaji iliyosimama ghafla, kwa sababu kisigino kilizunguka nje lakini springi haikuachia. Kila pedali ina skrubu mbili ndogo za kurekebisha, moja kila upande, zinazozungushwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 3, nazo hutoa mlio mdogo kwa kila hatua. Nilizirudisha zote nne hadi mwisho wa kulegea, kisha nikakaza hatua mbili mbili kwa kuhesabu, na tangu hapo mguu hutoka bila mabishano. Ni vyema mgeni wa pedali hizi ashike ukuta na kunasa na kunasua mara hamsini kabla ya kuingia barabarani.

Kufunga si kazi kubwa: spana namba 15 nyembamba inatosha, mradi ukumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Usikubali fundi azifunge kavu. Hewa yetu ya bahari hushikanisha nyuzi za skrubu ya pedali na mkono wa kranki unaobeba pedali, na mmoja wetu alilazimika kununua kranki mpya kwa kukosa grisi kidogo tu.

Anayefanya mazoezi mfululizo hadi Segera bila kushuka, au anayejiandaa kwa mashindano, bado atafaidika na kliti ya skrubu tatu. Wengine, kabla ya kulipia viatu, hasa vya mitumba, wageuze soli na kuangalia: PD-M520 inataka mifereji miwili mirefu katikati ya soli, na kiatu chenye matundu matatu yaliyopangwa kwa pembetatu pekee hakitaipokea kliti yake. Kliti za kwanza huja ndani ya boksi pamoja na pedali.