La Haine: walituzimia filamu kabla ya mlio wa mwisho

Nilitamani kwa miaka mingi kuiona La Haine, filamu ya Kifaransa kuhusu vijana watatu marafiki, kwenye skrini kubwa, na Jumamosi moja ya hivi karibuni, katika ukumbi mdogo wa Dar es Salaam ambao niliapa kutorudi, msimamizi aliizima ikiwa imebakiza sekunde chache.

Umeme haukukatika. Vinz, mmoja wa wale vijana watatu, alikuwa amelala chini, ameuawa. Rafiki yake Hubert na polisi wameelekezeana bastola. Saïd, rafiki yao wa tatu, amesimama kando akitazama. Ghafla taa zikawaka na sauti ikakatwa. Nikamwambia msimamizi, "Kaka, haijaisha." Akanijibu huku akikunja waya, "Ameshakufa, mama. Mnasubiri nini tena?"

Tulikuwa tunasubiri mlio mmoja. Saïd anafumba macho, risasi inalia, na hatujui kamwe ni nani aliyefyatua. Mathieu Kassovitz, aliyeitoa filamu hii mwaka 1995, anatusogeza kuelekea mlio huo tangu mwanzo, kwa saa zinazotajwa kwenye skrini na kwa kisa cha mtu anayeanguka kutoka ghorofani huku akijifariji, kila anapopita ghorofa moja, kwamba hadi hapo mambo ni shwari. Ukiukata mlio, umemwacha yule mtu hewani.

Njiani hasira iliniponza, nikaanza kuilaumu hata filamu yenyewe: kwamba Vinz anachosha kwa majigambo yake mbele ya kioo, na kwamba wanawake wa yale maghorofa ya pembezoni mwa Paris hawana nafasi. Siku chache baadaye niliirudia kwenye simu, na lawama ile ya pili ikanisuta. Hubert, ambaye ukumbi wake wa ndondi umeteketezwa, anamwambia mama yake kwamba amechoka na mahali pale, lazima aondoke. Mama anamjibu kwamba akipita dukani amnunulie saladi. Sijaona jibu linaloeleza umaskini kwa ukali kama hilo.

Halafu nikamkumbuka Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, aliyepigwa risasi ya kichwa ndani ya kituo cha polisi cha Paris mwaka 1993, ambaye kifo chake ndicho kilichomsukuma Kassovitz kuandika. Kwa hiyo "ameshakufa" ndipo hadithi ilipoanzia, wala si mahali pa kukunjia waya.

Nimemwandikia mwenye ukumbi nikimwomba awaite tena watazamaji wale, hata kwa dakika tano za mwisho tu. Akiwaita, nitakwenda.